Hiroshima panakaliwa, kwa nini Bikini hapakaliki?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa jiografia wa sekondari. Tulipofika kwenye visiwa vya matumbawe vya Bahari ya Pasifiki niligusia majaribio ya mabomu ya nyuklia, na mwanafunzi mmoja akaniuliza swali lililonishinda. Hiroshima ilipigwa bomu mwaka 1945 na leo ni mji wa watu zaidi ya milioni moja. Iweje Bikini, huko Visiwa vya Marshall, ambako hakukuwa hata na vita, wenyeji hawajarudi kuishi mpaka leo? Naomba pia kujua kama ni kweli akinamama wa huko walizaa watoto wasio na mifupa, na kama wenyeji wamelipwa.

JIBU: Mwalimu, swali la mwanafunzi wako huwatatiza hata wanaosoma fizikia chuo kikuu, kwa sababu wengi tumezoea kupima bomu kwa mshindo wake. Kazi yangu ni kinga dhidi ya mionzi, na kwa upande wa Bikini jambo la kwanza ninalolitazama ni nazi. Bomu la Hiroshima liliua watu na kubomoa mji. Mabomu ya Pasifiki, pamoja na ukubwa wake, yaliingia kwenye chakula, na chakula hicho ndicho kinachowazuia wenyewe kurudi. Nitalieleza hilo kwa urefu kidogo, kisha nije kwa watoto na fidia.

Tuanze na Hiroshima. Bomu lile lilikuwa na nguvu ya kilotani 15 hivi, yaani sawa na tani 15,000 za baruti ya TNT, na lilipasukia angani, mita 600 hivi juu ya mji. Mpira wa moto haukugusa ardhi. Makumi ya maelfu ya watu waliuawa na joto, na mshindo, na mionzi iliyotoka papo hapo. Lakini mabaki ya mionzi, yaani ile urani iliyokwisha kupasuka, yalipanda juu sana pamoja na hewa ya moto yakatawanyika mbali. Kilichorudi na mvua nyeusi kandokando ya mji kilikuwapo na kiliwadhuru watu, ila kilikuwa sehemu ndogo. Septemba ya mwaka ule ule kimbunga kikubwa kikapita na kuosha mengi yaliyobaki juu ya ardhi.

Sasa chukua Bikini, alfajiri ya tarehe 1 Machi 1954. Bomu la haidrojeni lililopewa jina la Bravo lilikuwa limewekwa juu ya mwamba wa matumbawe, karibu usawa wa bahari. Wataalamu wa Marekani walikadiria lingetoa megatani 5 au 6, na megatani moja ni kilotani elfu. Likatoa megatani 15, mara elfu moja ya Hiroshima. Hesabu ilikosewa kwenye lithiamu iliyokuwa ndani ya bomu: walidhani aina yake moja, lithiamu-7, ingekaa kando tu, kumbe nayo ikaingia kwenye mlipuko. Shimo lililobaki lina upana wa kilomita 2 hivi na kina cha mita 75. Mamilioni ya tani za matumbawe na mchanga vilinyonywa juu, vikachanganyika na mabaki ya mionzi, kisha vikaanza kurudi chini.

Mafundi wa mwambao wetu huchoma matumbawe kwa kuni ili kupata chokaa ya kujengea. Bravo ilifanya kazi hiyo hiyo kwa mpigo mmoja, kwani vumbi lililoanguka lilikuwa chokaa kweli, nyeupe na laini, na kila punje ilibeba mionzi.

Vumbi hilo lilikwenda mashariki. Kilomita 150 hivi kutoka Bikini kuna Rongelap, nayo ni atoli, yaani duara la visiwa vya matumbawe vinavyozunguka maji tulivu yaitwayo lagoni. Siku hiyo walikuwapo huko watu 64, na wenzao 18 walikuwa atoli jirani ya Ailinginae. Saa chache baada ya mlipuko chokaa ikaanza kuwashukia. Ilitua kwenye nywele zilizopakwa mafuta ya nazi ikagandia humo. Ilitua kwenye samaki walioanikwa na kwenye matangi ya maji ya mvua, maji yakageuka manjano. Hakuna aliyewaambia ni kitu gani, na watoto wakaichezea. Usiku ule watu walianza kutapika na kuharisha, na macho na ngozi vikawasha. Kiongozi wa kisiwa, John Anjain, alisimulia baadaye kwamba siku ya pili walikuja watu wawili na vyombo vya kupimia, wakakaa muda mfupi, wakaondoka. Meli ya kuwachukua ilifika siku ya tatu, na watu 157 wa atoli ya Utirik, mbali zaidi mashariki, walichukuliwa baada yao. Wanajeshi 28 wa Marekani waliokuwa kituo cha hali ya hewa huko Rongerik walikuwa wamekwisha kuondolewa kabla.

Wiki zilizofuata ngozi za watu wa Rongelap zilibabuka shingoni, kichwani na miguuni, miguuni zaidi kwa kuwa walitembea pekupeku juu ya vumbi, na nywele zikatoka kwa mafungu. Mionzi iliyopita mwilini mwao ilikadiriwa kuwa gray 1.75. Kwa asiye wa fani hii, hicho ni kiasi cha kumlaza mtu kwa kutapika na kuziangusha chembe zake za damu. Ukikizidisha mara mbili na kidogo, nusu ya watakaokipata hufa wasipotibiwa.

Hapa kuna jambo linaloniuma kila nikilisoma. Mwaka 1946, kabla ya mabomu mawili ya kwanza ya Bikini, ambayo kila moja lilikuwa la kilotani 20 na ushei tu, watu wa Rongelap walihamishwa kwa tahadhari mpaka atoli ya Lae. Mwaka 1954, kwa bomu ambalo hata kwa makadirio ya chini lilikuwa kubwa mara mia kadhaa, hawakuhamishwa. Na usiku wa kuamkia Bravo wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wamekwisha kuona kwamba pepo zinageuka vibaya. Jaribio likaendelea. Mlipuko kuzidi makadirio ilikuwa ajali, naam. Kuwaacha watu chini ya upepo ule kulikuwa uamuzi.

Nirudi kwenye nazi. Urani ikipasuka huzaa vitu vingi vyenye mionzi, na kila kimoja kina muda wake. Ayodini-131 hupungua kwa nusu kila siku 8, kwa hiyo huua haraka na kutoweka haraka. Strontiamu-90 na sesiamu-137 huchukua miaka 30 hivi kupungua kwa nusu. Plutoniamu-239 inahitaji miaka 24,000. Kwa mtu anayetaka kurudi Bikini leo, mkorofi mkubwa ni sesiamu. Kikemia sesiamu inafanana sana na potasiamu, ambayo kila mmea unaihitaji. Kwenye ardhi yenye udongo wa mfinyanzi, udongo huo huishika sesiamu na kuifungia, mmea ukapata kidogo tu. Lakini ardhi ya atoli haina udongo huo. Ni mchanga wa matumbawe mtupu, na potasiamu yake ni haba mno. Mnazi wenye njaa ya potasiamu ukikutana na sesiamu huipokea, ukaipandisha mpaka kwenye dafu na kwenye nyama ya nazi.

Na chakula cha Wamarshall ni kipi? Nazi, shelisheli, matunda ya mkadi wa kwao, ambao ni ndugu wa huu wetu wa maua, uwanga, samaki, na kaa wakubwa wa minazini wanaokula nazi zilizoanguka. Samaki wa bahari wana afadhali, kwa sababu maji ya bahari yamejaa potasiamu na sesiamu huzimika ndani yake. Ndiyo maana wapiga mbizi huenda Bikini kutazama manowari zilizozamishwa 1946, hula samaki, hurudi makwao salama. Anayeingia matatani ni mwenye kisiwa, anayetaka kula cha shambani kwake mwaka hadi mwaka.

Jambo hili lilijulikana kwa kuwajaribia watu wenyewe. Mwaka 1957 wakazi wa Rongelap waliambiwa kisiwa ni salama, wakarudishwa. Madaktari wa maabara ya Brookhaven, New York, waliokuwa wakiwafuatilia, waliandika kwamba watu hawa kuishi pale kutatoa takwimu zenye thamani kubwa juu ya mionzi katika miili ya binadamu. Kila mwaka walikuja, wakapima damu na mkojo, wakawapiga picha watu wameshika vibao vyenye namba zao. Sesiamu na strontiamu miilini zikapanda mara nyingi, hata kwa wale ambao siku ya Bravo hawakuwapo kisiwani. Nimefundisha vijana wengi upimaji wa mionzi, na huwa nawaambia waisome ripoti ile kabla hawajashika chombo chochote, wajue kwamba kupima na kutibu ni kazi mbili mbalimbali.

Bikini nayo ilipata zamu yake. Mwaka 1968 Rais Johnson wa Marekani alitangaza kwamba wenyeji wanaweza kurudi. Nyumba zikajengwa, minazi mipya ikapandwa kwa maelfu, familia zikarejea mwanzoni mwa miaka ya 1970. Minazi ilipoanza kuzaa, vipimo vya sesiamu miilini vikapanda kupita mipaka iliyowekwa, na mwaka 1978 watu 139 wakaondolewa tena. Kosa lilikuwa lile lile la kukadiria: walipiga hesabu kwa kudhani wakazi watakula nazi kidogo kuliko wanavyokula kweli.

Mwaka 1998 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilitoa tathmini yake. Mtu akiishi Bikini na kula vya Bikini tu, atapata kama milisivati 15 kwa mwaka. Kwa kulinganisha, mionzi ya asili ambayo kila binadamu huipata kutoka ardhini na angani ni wastani wa milisivati 2.4. Shirika likashauri watu wasihamie kwa kudumu mpaka ardhi itengenezwe, na dawa iliyopendekezwa ni mbolea ya potashi: ukiumwagia mnazi potasiamu ya kutosha, huiacha sesiamu. Majaribio yalionyesha kwamba inafanya kazi vizuri. Viongozi wa Bikini kwa muda mrefu walitaka udongo wote wa juu ukwanguliwe uondolewe, na ninawaelewa, maana nani atataka mjukuu wake alindwe na gunia la mbolea ambalo mwaka mmoja linaweza lisifike? Lakini udongo wa atoli umejengeka kwa karne nyingi. Ukiukwangua wote unabaki na mchanga usiootesha kitu. Njia ya kati ni kukwangua penye makazi na kutia potashi mashambani.

Miaka imepita, sesiamu ya 1954 imebaki kama sehemu moja ya tano, na mvua imeteremsha nyingine chini zaidi. Hata hivyo, vipimo vilivyochapishwa mwaka 2016 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia vilionyesha kwamba mionzi ya Bikini ilikuwa bado juu ya kiwango kilichokubaliwa kati ya Marekani na Marshall, na hiyo ni ya ardhini tu, kabla mtu hajala kitu.

Nisisahau Enewetak, atoli nyingine ya Marshall. Marekani ililipua mabomu 67 katika Visiwa vya Marshall kati ya 1946 na 1958, na mengi yake yalikuwa Enewetak. Ukijumlisha yote 67 ni megatani 108 hivi, sawa na Hiroshima zaidi ya moja na nusu kila siku kwa miaka 12. Bomu la tarehe 1 Novemba 1952 lilikifuta kabisa kisiwa kimoja kilichoitwa Elugelab. Mahali pake pamebaki shimo ndani ya maji. Kati ya 1977 na 1980 wanajeshi wa Marekani walikusanya udongo na vifusi vyenye mionzi, meta za ujazo 73,000 hivi, wakavitia kwenye shimo la bomu katika kisiwa cha Runit na kulifunika kwa kuba la zege. Chini hawakutia sakafu. Maji ya bahari hupanda na kushuka humo kila bamvua. Magazeti hupenda kuandika kwamba kuba likipasuka Pasifiki yote itaingia sumu. Hapana: plutoniamu iliyoko kwenye matope ya chini ya lagoni, nje ya kuba, ni nyingi kuliko iliyomo ndani. Kwangu mimi habari hiyo ni mbaya zaidi, kwa kuwa ina maana hakuna cha kuziba.

Mpaka hapa nimezungumza juu ya mionzi, lakini Wamarshall wenyewe ukiwauliza wataanza na ardhi. Siku moja ya Jumapili mwezi Februari 1946, gavana wa kijeshi Ben Wyatt aliwakusanya watu wa Bikini baada ya ibada akawaomba waondoke kwa muda, kwa faida ya wanadamu na kukomesha vita vyote duniani. Chifu wao, Juda, akajibu kwamba watakwenda, wakiamini kila kitu kiko mikononi mwa Mungu. Walikuwa watu 167. Wakapelekwa Rongerik, atoli ndogo ambayo wenyeji wa jirani hawakuikalia, yenye chakula haba na baadhi ya samaki wake wana sumu. Mwanzoni mwa 1948 mtaalamu wa mila aliyetumwa kuwatazama aliwakuta wanakufa njaa. Wakahamishiwa kwenye mahema Kwajalein, na mwishoni mwa mwaka huo kisiwa cha Kili.

Mwalimu, waonyeshe wanafunzi Kili kwenye ramani, kama wataiona. Bikini ina visiwa zaidi ya ishirini vinavyozunguka lagoni tulivu ya kilomita za mraba 600 hivi, ambamo mtu alijifunza kuendesha ngalawa kabla ya kujua mengine. Kili ni kisiwa kimoja kisichofika kilomita moja ya mraba. Hakina lagoni wala gati ya asili. Miezi ya mawimbi makubwa mashua haziwezi kutua na uvuvi husimama. Watu waliokuwa mabaharia na wavuvi wakaanza kungoja mchele na nyama ya makopo kutoka nje. Leo kisukari katika Visiwa vya Marshall ni miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani, na hakuna kipimo cha mionzi kitakachokuonyesha kisukari hicho. Lakini ni tunda la majaribio yale yale.

Kuna jambo linalowahusu wasomaji wa huku kwetu. Visiwa vya Marshall havikuwa mali ya Marekani. Vilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, kama Tanganyika ilivyokuwa chini ya Uingereza na Ruanda-Urundi chini ya Ubelgiji. Baraza la Udhamini ambalo Mwalimu Nyerere alikwenda kulihutubia New York Machi 1955 ndilo lililopokea barua ya Wamarshall ya Aprili 1954, wiki chache baada ya Bravo, wakiomba majaribio yakome, au kama hayakomi basi tahadhari zichukuliwe. Waliandika kwamba kwao ardhi ni zaidi ya mahali pa kupanda na kujenga. Mtu akinyang'anywa ardhi, roho yake nayo huondoka. Baraza halikuyazuia majaribio. Lilishauri tahadhari, na mabomu yakaendelea miaka minne zaidi.

Sasa swali lako la pili. Mwaka 1983 mwanamke wa Kimarshall, Darlene Keju, alisimama mbele ya mkutano wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni mjini Vancouver akaeleza juu ya watoto waliozaliwa bila mifupa, ngozi inapenyeza mwanga, wakipumua saa chache kisha basi. Akinamama waliwafananisha na kiwavi wa baharini. Mwaka 1995 Lijon Eknilang, aliyekuwa mtoto Rongelap siku ya Bravo, aliieleza Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague mambo hayo hayo, na mimba zake mwenyewe saba zilizotoka. Kitabibu yaliyoandikwa ni haya: katika miaka minne ya mwanzo, mimba zilizotoka na watoto waliozaliwa wafu kati ya wanawake wa Rongelap waliopigwa na mionzi vilikuwa kama mara mbili ya wale ambao hawakupigwa. Madaktari walisema idadi ya watu ni ndogo mno kuthibitisha sababu. Ni kweli kitakwimu. Lakini hapakuwa na daftari la uzazi lenye kuaminika, na wanawake wengi walificha kwa aibu, kwa sababu mtoto wa namna ile alionekana kuwa ushahidi wa dhambi ya mama. Ushuhuda wao umetoka visiwa tofauti na unakubaliana. Mimi nauamini.

Palipo na uthibitisho usiobishwa ni kwenye tezi ya shingo. Ayodini huenda kwenye tezi, na tezi ya mtoto ni ndogo, hivyo kiasi kile kile humchoma mtoto mara nyingi zaidi kuliko mtu mzima. Kuanzia 1963 vivimbe vya tezi vikaanza kuonekana, na wengi wa waliokuwa chini ya umri wa miaka 10 Rongelap mwaka 1954 walivipata. Wavulana wawili waliokuwa na umri wa mwaka mmoja hivi walidumaa kabisa kwa tezi kufa. Mtoto wa John Anjain, Lekoj, naye alikuwa na mwaka mmoja; alikufa kwa saratani ya damu mwaka 1972, akiwa na miaka 19.

Kuhusu saratani kwa nchi nzima, Taasisi ya Saratani ya Marekani ilikadiria mwaka 2010 kwamba kama 170 kati ya saratani za Wamarshall walioishi enzi zile zinatokana na majaribio, yaani chini ya asilimia 2 ya saratani zao zote. Utaona watu wakiitumia namba hiyo kusema kwamba madhara yalikuwa madogo. Soma mstari unaofuata: kwa wale 82 wa Rongelap na Ailinginae, zaidi ya nusu ya saratani zao ni za mionzi. Wastani wa taifa huwameza watu 82.

Mwishowe watu wa Rongelap waliamua kuondoka wenyewe. Mwaka 1985 seneta wao Jeton Anjain, baada ya kuomba kwa serikali bila kupata, aliliomba shirika la kutetea mazingira la Greenpeace, na meli ya Rainbow Warrior ikawahamisha watu zaidi ya 300 pamoja na mbao na mabati yao mpaka kisiwa cha Mejatto. Miezi miwili baadaye meli hiyo ilizamishwa bandarini Auckland na majasusi wa Ufaransa, mpigapicha Fernando Pereira akafa ndani yake. Ilikuwa inajiandaa kwenda Moruroa, ambako Ufaransa ilikuwa ikijaribu mabomu yake.

Maana Marekani haikuwa peke yake. Uingereza ililipua mabomu 9 kwenye visiwa vya Malden na Kiritimati, ambavyo leo ni Kiribati, mwaka 1957 na 1958. Marekani ikaongeza 24 Kiritimati mwaka 1962. Wenyeji walikuwapo, na wanajeshi wa Fiji na New Zealand walisimamishwa karibu. Fiji ilichoka kuingoja Uingereza ikawalipa yenyewe wanajeshi wake wa zamani mwaka 2015. Ufaransa ilianza kwenye jangwa la Algeria, mabomu 17, na Algeria ilipojitawala ikahamia Polinesia: mabomu 193 huko Moruroa na Fangataufa, kutoka 1966 mpaka Januari 1996, na 40 na zaidi kati yake yalipasuliwa hewani. La kwanza kabisa, Julai 1966, lilimwaga vumbi visiwa vya Gambier, ambako watu hunywa maji ya mvua, na hawakuambiwa. La Julai 1974 wingu lake lilikwenda mpaka Tahiti. Sheria ya fidia ilipatikana mwaka 2010, lakini kwa miaka mingi ikawa inamkataa karibu kila mwombaji.

La mwisho, malipo. Marshall walilipwa, kidogo. Mkataba wa 1986 uliowapa uhuru uliweka mfuko wa dola milioni 150 na kufunga milango ya mahakama za Marekani. Mahakama ya madai iliyoundwa chini ya mkataba huo ilisikiliza kesi kwa makini ikatoa hukumu za zaidi ya dola bilioni 2. Bikini peke yake ilipewa haki ya dola milioni 563. Hazina ikakauka kabla ya kulipa hata sehemu ya maana. Mwaka 2000 Wamarshall waliomba Bunge la Marekani liongeze, kwa hoja kwamba nyaraka nyingi zilifunguliwa baada ya kutiwa saini mkataba. Serikali ya Marekani ikakataa. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuwasikiliza watu wa Bikini na Enewetak. Mwaka 2014 nchi hii ndogo ikazishtaki nchi tisa zenye silaha za nyuklia huko The Hague, ikidai zitimize ahadi ya kuziondoa silaha hizo. Kesi dhidi ya Uingereza majaji walifungana 8 kwa 8, kura ya rais wa mahakama ikaizima.

Fedha nyingine za watu wa Bikini ziliondolewa chini ya usimamizi wa Marekani mwaka 2017, na kufikia 2023 mfuko huo ulikuwa karibu mtupu kwa matumizi mabaya ya ndani. Nalitaja kwa sababu hutumiwa kuwanyamazisha, ilhali deni la ardhi haliondolewi na ubadhirifu wa mfuko. Mkataba mpya ulianza 2024 ukiwa na fedha zaidi, lakini sheria bado inazitambua atoli nne tu kuwa ziliathirika: Bikini, Enewetak, Rongelap na Utirik. Nyaraka za Marekani zenyewe zinaonyesha vumbi lilianguka kwenye atoli nyingi zaidi, na watu wa Ailuk, Likiep na kwingineko bado wanadai kuingizwa. Wamarshall wengi hawako tena visiwani. Wamehamia Marekani, na Springdale, Arkansas, ndiyo yenye Wamarshall wengi kuliko mji mwingine wowote wa bara huko. Kila tarehe 1 Machi huadhimisha siku ya Bravo, ambayo nyumbani ni sikukuu ya kitaifa.